Usiache Mbachao: Programu Kongwe katika Kompyuta Mpya

Wahenga walituachia usemi kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Usemi huo hutujia kila tunapoona kompyuta mpya ikiletwa ofisini, ikawekwa juu ya meza iking'aa, na ile ya zamani ikashushwa sakafuni. Siku ya kwanza watu hufurahi. Siku ya pili karani wa stoo hutaka kufungua daftari la vifaa alilolitunza kwa miaka kumi na mitano, naye huambiwa na mashine kwamba programu anayoiita haipo, ilhali jina lake analiona mbele yake kwa macho mawili. Hapo furaha hugeuka mashaka.

Makala yetu ya leo yahusu shida hiyo na dawa yake. Twawaelekea hasa ndugu zetu askari wa jeshi na polisi, kwa kuwa katika kazi yao daftari si jambo dogo. Bunduki iliyotolewa na iliyorudishwa, mafuta yaliyotiwa katika gari, tarehe ya mtu kuandikishwa, majina ya warithi wake, na hesabu ya malipo yake ya uzeeni, yote hayo hukaa daftarini. Na siku hizi daftari lenyewe mara nyingi ni kompyuta. Mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari lisilofunguka halina tofauti na daftari lililoungua.

BUKOTO IWE MFANO

Tutazame Bukoto. Kitongoji hiki cha Kampala kimo katika Divisheni ya Nakawa, jirani na Ntinda, Kamwokya na Naguru, na kila polisi aendaye makao makuu ya kikosi chake kule Naguru anakifahamu. Humo mna nyumba za ghorofa za siku nyingi, maduka, shule, zahanati na ofisi ndogo ndogo. Mahali pa namna hiyo kompyuta hazibadilishwi zote kwa siku moja. Mashine hununuliwa fedha zikipatikana, na programu hutumika mpaka itakapokataa.

Basi tuseme, kwa mfano tu, kwamba zahanati moja ya hapo ilinunua mwaka 2003 programu ya kuandikia dawa na wagonjwa, iliyoundwa kwa ajili ya Linux ya wakati ule. Kampuni iliyoiuza imekwisha kufunga milango. Maandishi ya asili ya programu, yaani yale ambayo mtaalamu angeyasoma na kuyarekebisha, hayamo mikononi mwa mtu yeyote. Kilichobaki ni programu yenyewe na kumbukumbu za wagonjwa za miaka ishirini na zaidi. Mashine ya zamani ikifa, fundi akaokoa diski yake na kuleta mashine mpya yenye Linux mpya, je, programu ile itafanya kazi?

Jibu ni kwamba mara nyingi itafanya, iwapo fundi anajua alifanyalo. Wala hilo si la zahanati peke yake. Kambi, kituo cha polisi, karakana ya magari na ofisi ya malipo zaweza kukutwa na jambo lile lile.

KIINI HAKISAHAU, MAKTABA HUHAMA

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika Finland. Ili tuelewe shida yetu, yafaa tutenge sehemu mbili za mfumo huo. Sehemu ya kwanza ni kiini, ambacho husimamia mashine yenyewe: kumbukumbu, diski, waya za mtandao. Sehemu ya pili ni maktaba, yaani mafaili ya kazi za pamoja ambazo programu nyingi huziazima.

Kuhusu kiini, Torvalds ameshikilia kanuni moja kwa ukali mkubwa: badiliko lolote la kiini lisiivunje programu iliyokuwa ikifanya kazi jana. Kwa sababu hiyo programu ya miaka ishirini iliyopita, ikikutana na kiini cha leo, kwa kawaida husikilizwa. Kanuni hiyo ina mipaka yake. Muundo wa kale wa programu uitwao a.out, ambao ulipisha muundo wa ELF katikati ya miaka ya 1990, hatimaye uliondolewa katika kiini mwaka 2022. Lakini hiyo ni miaka zaidi ya ishirini na mitano ya subira, na vyombo vichache vya umeme hupewa heshima ya namna hiyo.

Shida hasa hutoka katika maktaba. Programu haibebi kila kitu mgongoni, kama vile askari asivyokwenda doria na karakana nzima. Huazima. Ikitaka kupanga herufi, huazima. Ikitaka kuhesabu tarehe, huazima. Ikitaka kuficha siri mtandaoni, huazima. Na kila maktaba ina namba yake mwishoni mwa jina. Namba hiyo ni ahadi. Waundaji wakibadilisha maktaba hata watumiaji wa zamani wasiweze kuitumia tena, huibadilisha na namba. Kwa hiyo maktaba iitwayo libstdc++.so.6 haiwezi kuitikia mahali ilipoitwa libstdc++.so.5, kama vile risasi ya kipimo kingine isivyoingia katika bunduki, hata ingawa zote mbili ni risasi.

Mabadiliko ya namna hiyo yamekuja kwa vipindi. Kati ya mwaka 1997 na 1998 mifumo mikubwa ya Linux, kama Red Hat 5.0 na Debian 2.0, iliiacha maktaba kuu ya zamani, libc5, ikachukua glibc. Mwaka 2004 maktaba ya lugha ya C++ ilihama kutoka namba 5 kwenda namba 6. Baadaye kompyuta za biti 64 zikaenea, na maktaba za biti 32 zikaanza kuachwa nyuma. Mwaka 2022 Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3, na programu zilizozoea OpenSSL 1.1 zikajikuta hazina pa kuazima. Kila mara programu haikuwa na kosa lolote. Majirani zake ndio waliohama.

MAKTABA ZA UPATANIFU

Dawa ya maradhi hayo huitwa maktaba za upatanifu. Hizi ni maktaba za zamani zilizofungwa upya ili ziwekwe katika mfumo mpya, bega kwa bega na zile mpya, bila kugombana. Kwa kuwa namba zao zatofautiana, programu mpya huchukua ya 6 na programu kongwe huchukua ya 5, kila mmoja akipata chake.

Askari hawana haja ya kufafanuliwa sana jambo hili, maana wao wenyewe wameishi nalo. Katika King's African Rifles, Mwacholi, Mkamba na Mnyamwezi hawakuamrishwa wajifunze kwanza lugha za wenzao ndipo wasimame mstari mmoja; Kiswahili ndicho kilichosimama kati yao. Uganda ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Lakini kambini kilikuwa kikifanya kazi hiyo kabla ya sheria yoyote. Maktaba ya upatanifu hufanya vivyo hivyo: haimlazimishi mkongwe asahau lugha yake, wala haimzuii mgeni kuingia.

Mafundi wa Katwe nao wanaufahamu ukweli huu kwa njia ya chuma. Gari ambalo kiwanda chake kimeacha kutoa vipuri haliachwi lioze. Kipuri hutafutwa, na kikikosekana huchongwa. Injini bado nzima, kilichopotea ni kipande kimoja. Programu kongwe mara nyingi iko katika hali hiyo hiyo.

JINSI KAZI IFANYWAVYO

Hatua ya kwanza, kabla ya kugusa chochote, ni kunakili diski yote ya zamani. Nakala ziwe mbili, na moja ikae mahali pengine mbali na ofisi. Fundi anayeanza matengenezo bila nakala ni sawa na dereva anayeteremka mlima bila breki.

Hatua ya pili ni kumtambua mgonjwa. Amri ya Linux iitwayo file hueleza kama programu ni ya biti 32 au 64. Hapa ndipo fumbo la yule karani wetu linapofumbuliwa. Mashine ilipomwambia kwamba faili halipo, haikuwa na maana ya programu yenyewe. Kila programu ya namna hii huandikiwa ndani yake jina la kipakizi, yaani faili dogo linaloiamsha na kuikusanyia maktaba zake. Kipakizi cha programu za biti 32 huitwa ld-linux.so.2. Mfumo mpya wa biti 64 usipokuwa nacho, hulalamika kwamba faili halipo, bila kusema ni faili lipi. Wengi wameitupa programu nzima kwa ajili ya sentensi hiyo moja isiyokamilika.

Hatua ya tatu ni kuorodhesha maktaba zinazokosekana. Amri ya ldd huzitaja zote, na palipo na pengo husema kwamba haikuonekana. Hata hivyo twawaonya ndugu zetu polisi, hasa wale wanaochunguza kompyuta zilizokamatwa: ldd yaweza kuiamsha programu yenyewe inapoichunguza. Programu mnayoitilia shaka isipimwe kwa ldd. Itumiwe amri ya readelf -d, ambayo husoma tu bila kuamsha.

Hatua ya nne ni kuleta kilichokosekana, na kwanza kitafutwe katika ghala halali la mfumo wenyewe. Kwa Debian na Ubuntu, fundi huandika dpkg --add-architecture i386, kisha apt update, kisha apt install libc6:i386 libstdc++6:i386. Kwa amri hizo tatu programu nyingi za biti 32 huamka mara moja. Maktaba ambayo haimo tena katika ghala la leo hutafutwa katika hazina ya matoleo ya zamani, ambayo Debian huyatunza. Hiyo isimwagwe katika mfumo mzima. Iwekwe katika folda ya programu ile peke yake, na programu iamshwe kwa hati fupi inayotaja LD_LIBRARY_PATH, yaani njia ya kuifikia folda hiyo.

Jambo moja lisifanywe kamwe. Mtu asichukue maktaba kuu, libc, kutoka mashine nyingine akaibandika juu ya ile ya mfumo. Karibu kila amri ya mashine yaitegemea maktaba hiyo, na ikiharibika hata amri ya kurudisha faili mahali pake haitatii. Wala hakuna haja ya kufanya hivyo, kwa kuwa glibc mpya imeundwa iwapokee wakongwe: programu iliyoundwa kwa glibc ya zamani hukubaliwa na glibc mpya. Kinyume chake ndicho kisichowezekana; programu mpya haitakubali glibc kongwe.

Hatua ya tano ni kimbilio la mwisho. Maktaba zikishindikana, programu hujengewa chumba chake. Kontena, njia iliyoenezwa na Docker kuanzia mwaka 2013, huipa programu maktaba zake zote za kale huku ikitumia kiini kile kile cha mashine mpya. Mashine pepe, kama ile inayoendeshwa na QEMU, huenda mbali zaidi na kuigiza kompyuta nzima pamoja na kiini chake cha zamani. Na ikiwa programu haikuzaliwa katika Linux kabisa, ipo Wine kwa programu za Windows, ambayo kazi yake ilianza mwaka 1993, na ipo DOSBox kwa zile za DOS. Kwa njia hizi hata orodha za vitabu zilizoandikwa kwa CDS/ISIS, programu ambayo UNESCO iligawa bure kwa maktaba za vitabu tangu mwaka 1985, zaweza kusomwa tena.

Hatua ya sita husahauliwa mara nyingi nayo ndiyo ya hesabu. Programu ikiamka, isisadikiwe kwa kuwa imeamka tu. Chapisheni taarifa moja iliyochapishwa zamani na mashine ya kale, muilinganishe na mpya: jumla ya vifaa, majina, na hasa tarehe. Zikilingana, kazi imefaulu. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, kazi bado.

HATARI YA MLANGO WA ZAMANI

Tungekuwa tumewadanganya wasomaji wetu kama tungeishia hapo. Maktaba ya kale huja na maradhi yake ya kale. Mwaka 2014 kasoro iliyopewa jina la Heartbleed ilionekana katika OpenSSL 1.0.1, nayo iliwawezesha watu wa mbali kunyonya siri kutoka kumbukumbu ya mashine. Matoleo mapya yalitengenezwa, lakini anayerudisha toleo lenye kasoro ili kuifurahisha programu yake huurudisha na ufa. Hata OpenSSL 1.1.1, iliyokuja baada yake, iliacha kutunzwa bure na waundaji wake mwezi Septemba 2023.

Kwa hiyo programu kongwe ni kama ghala la zamani lenye kufuli dhaifu: laweza kutumika, bali lisiachwe barabarani. Mashine inayoiendesha isiunganishwe na mtandao wa nje. Programu isipewe mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Maktaba za kale zibaki katika folda yake, zisitumiwe na mwingine. Na maktaba isichukuliwe kwa mtu asiyejulikana, maana faili lenye jina zuri laweza kubeba adui ndani yake. Mlinzi hodari haulizi jina tu, huuliza pia kitambulisho.

SAA INAYOKUJA

Liko jambo jingine ambalo lina tarehe yake kamili. Programu nyingi za biti 32 huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, nazo haziwezi kuvuka sekunde 2,147,483,647. Hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne za asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, programu hizo zitadhani ni mwezi Desemba 1901.

Msomaji asiseme kwamba 2038 ni mbali. Kijana aliyeandikishwa mwaka 2026 akiwa na umri wa miaka ishirini atakuwa na miaka thelathini na miwili tu. Karani anayetaka leo hii kuandika tarehe ya kijana huyo ya kustaafu, au mwisho wa mkopo wake wa nyumba, aweza kugonga ukuta huo tangu sasa, kwa sababu tarehe hizo ziko ng'ambo ya 2038. Askari atakayeandikiwa kwamba alistaafu kabla baba yake hajazaliwa atapata taabu kubwa dirishani pa malipo.

Maktaba za upatanifu haziondoi kikwazo hiki. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, iliipanua hesabu ya wakati katika karibu aina zote za mashine inazozihudumia, lakini biti 32 ya zamani, i386, iliachwa kama ilivyo kwa makusudi, kusudi programu kongwe ziendelee kufanya kazi. Yaani upatanifu wenyewe ndio uliodai kwamba ukuta ubaki. Aina hiyo sasa haiwekwi tena kama mfumo kamili katika mashine. Imebaki kwa ajili ya kuwahudumia wakongwe ndani ya mashine za biti 64.

Maghala nayo yanafungwa moja moja. Mwezi Juni 2019 Ubuntu ilitangaza kuziacha maktaba za biti 32. Watumiaji wakapiga kelele, na baada ya siku chache ikakubali kubakiza zile zinazohitajiwa zaidi. Mwaka 2025 Red Hat Enterprise Linux 10 ilitoka bila maktaba hizo. Anayetegemea ghala la mwenziwe na ajue kwamba mwenye ghala anayo haki ya kulifunga.

WAKATI ULIONUNULIWA

Basi funzo la makala haya ni hili. Maktaba za upatanifu hutununulia wakati, hazitupi umilele. Wakati huo utumiwe kuihamisha mali yenyewe, ambayo ni kumbukumbu. Mara programu kongwe inapoamka, kazi ya kwanza iwe kuitoa habari yote iliyomo na kuiandika katika muundo ulio wazi, wa maandishi ya kawaida, ambao programu yoyote ya kesho itaweza kuusoma. Kisha mfumo mpya uchaguliwe kwa makini, na ule ambao maandishi yake ya asili yako wazi una faida moja kubwa: muuzaji akifunga duka, fundi mwingine aweza kuendelea. Ndiyo sababu OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret nchini Kenya mwaka 2006, uliweza kuchukuliwa na wataalamu wa Uganda ukajengwa juu yake UgandaEMR, bila kumngoja mwenye duka.

Kila kamanda wa kituo na kila ofisa wa stoo ajiulize maswali manne. Programu tunayoitegemea iliundwa lini? Nani anayo maandishi yake ya asili? Nakala za kumbukumbu ziko wapi? Na mashine hii ikifa usiku wa leo, nani ataifungua orodha ya silaha kesho asubuhi? Asiyeweza kujibu asingoje siku ya ajali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kumbukumbu zilizopotea haujengeki kwa fedha yoyote.

Mbachao usitupwe kwa sababu umechakaa. Ulalie mpaka msala mpya uwe umefika nyumbani na kutandikwa. Ndipo ukunjwe kwa heshima. Na nyuma ya kila jina katika orodha hizo yuko mtu, aliyelitumikia taifa lake kwa uaminifu, anayengoja kwamba siku akiitwa jina lake litaonekana.